Orodha Haikufika Matonge

Galerie d'Ixelles ni kichochoro chenye paa kinachounganisha barabara mbili za Brussels, Chaussée d'Ixelles na Chaussée de Wavre. Upande wa kwanza ni maduka ya kawaida ya mji wa Ulaya. Ndani, hewa hubadilika: harufu ya mafuta ya nywele, rasta za kila rangi zilizoning'inizwa ukutani, vitenge vilivyokunjwa mafungu kwa mafungu, wasusi wanaoita wateja kutoka milangoni. Ukitokea upande wa pili kuna ndizi za kupika, mihogo, na yale majani ambayo Lubumbashi na Goma huyaita sombe na Dar es Salaam huyaita kisamvu.

Mtaa huu ni Matonge, jina lililokopwa Kinshasa. Wanafunzi Wakongo walianza kufikia hapa miaka ya 1960, katika hosteli ya Maison Africaine, na biashara zikawafuata. Tangu 30 Juni 2018 kuna uwanja mdogo jirani wenye jina la Patrice Lumumba. Kifaransa na Kilingala ndivyo vinavyotawala, lakini mwenye sikio hukipata Kiswahili pia: cha Katanga, cha Kivu, cha Bujumbura.

Jumamosi, saluni za vinyozi hazina haraka. Mashine inanguruma, kinyozi anainamisha kichwa cha mteja kwa vidole viwili, anachonga mstari wa paji la uso, anarudi nyuma hatua moja kuukagua. Walioko kwenye benchi wanabishana. Mpira wa miguu ndio wenye wafuasi wengi, ila vijana warefu waliobeba mabegi ya mazoezi wana bishano lao wenyewe: nani ana nyota tano, nani ana nne, nani amepanda na nani ameshuka katika orodha za wachezaji wa kikapu wa shule za sekondari za Marekani.

Kwa Mswahili, nyota ya mtu ni bahati aliyozaliwa nayo. Kwa wanaotunga orodha hizo, nyota ni alama ambayo mtu mzima humpa kijana wa miaka 15 au 16 baada ya kumtazama akicheza. Alama hiyo huamua chuo gani kitampigia simu, kocha gani atapanda ndege kwenda kuongea na mama yake, na siku hizi huamua hata fedha. Kijana wa Brussels ana tatizo jingine la ziada. Ubelgiji hulea wachezaji wake katika klabu, si shuleni, kwa hiyo orodha hizo hazimwoni kabisa mpaka avuke Atlantiki.

Orodha hizo ni za kuaminiwa kwa kiasi gani? Familia zinazotoka Kongo, Rwanda, Burundi na Tanzania zina mifano yao wenyewe ya kupimia swali hili, na mifano hiyo inafundisha zaidi kuliko nadharia.

Usiku wa majina 58

Tarehe 22 Juni 2023, katika ukumbi wa Barclays Center huko Brooklyn, New York, NBA ilifanya drafti yake, yaani zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu. Brussels ilikuwa tayari imeingia usiku wa manane, saa nane kwa saa za Kiswahili, lakini wapenzi wa kikapu walikuwa macho. Yalitajwa majina 58.

Jina la kwanza lilikuwa la Victor Wembanyama, Mfaransa ambaye baba yake ana asili ya Kongo. Hakuna aliyeshangaa. Waliotunga orodha za drafti walikuwa wamemweka kileleni kwa muda mrefu, na msimu uliofuata alitwaa tuzo ya mchezaji bora chipukizi wa NBA. Hapo orodha ilisema kweli.

Jina la 52 lilikuwa la Toumani Camara, mzaliwa wa Brussels, aliyechukuliwa na Phoenix Suns. Kufikia hapo watazamaji wengi walikuwa wamezima runinga. Kabla msimu haujaanza Phoenix ilimtoa kwa Portland Trail Blazers, kama nyongeza katika biashara kubwa ya kubadilishana wachezaji iliyomhusisha Damian Lillard.

Jina la Oscar Tshiebwe halikusomwa kabisa. Tshiebwe alizaliwa Lubumbashi mwaka 1999, na mwaka mmoja tu kabla ya usiku huo alikuwa ametangazwa mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani. Katika msimu wa 2021–22, akiwa Chuo Kikuu cha Kentucky, alikuwa na wastani wa pointi 17.4 na ribaundi 15.1 kwa mchezo. Kwa ribaundi, idadi hiyo ilikuwa haijaonekana kwa miaka mingi katika vyuo vikubwa. Hata siku ambayo Kentucky ilifedheheshwa na chuo kidogo cha Saint Peter's, Machi 2022, yeye alifunga pointi 30 na kukusanya ribaundi 16.

Watoto watatu wenye damu ya Afrika, usiku mmoja, na majibu matatu tofauti. Orodha zilimpatia wa kwanza, zikamdharau wa pili. Kwa wa tatu, habari haiishii kwenye kupatia au kukosea. Orodha za sekondari zilikuwa zimemwona Tshiebwe vizuri: mwaka 2019, akitokea shule ya Kennedy Catholic huko Pennsylvania, aliingia katika mchezo wa McDonald's All American, ambao kila mwaka huwakusanya wavulana 24 tu wa nchi nzima. Waliotabiri kuwa angetamba chuoni walipatia. Lakini NBA ilikuwa inauliza swali jingine: je, mtu mfupi kidogo kwa nafasi yake, asiyefunga kutoka mbali, ataweza kuwalinda wafungaji wepesi wa ligi ya wakubwa? Kwa swali hilo, tuzo zake zote hazikutosha. Alianzia ligi ya chini ya G League, akapata mikataba midogo ya Indiana na baadaye Utah, na huko nako akaendelea kufanya kazi yake ya ribaundi.

Orodha hutengenezwaje

Kazi hii ilianza kwa mashine ya kupiga chapa. Katikati ya miaka ya 1960, Howard Garfinkel wa New York alizunguka viwanja vya shule, akaandika alichokiona katika jarida lake la High School Basketball Illustrated, na kuwauzia makocha wa vyuo. Mwaka 1966 alishiriki kuanzisha kambi ya Five-Star, ambayo baadaye ilipitiwa na wachezaji wengi wakubwa, akiwemo Michael Jordan. Kocha wa chuo cha mbali asiye na nauli ya kuzunguka Marekani nzima alipata kwa Garfinkel macho ya kukodi.

Intaneti ilizidisha macho hayo. Leo ESPN, Rivals na 247Sports kila moja ina wapimaji wake, na tangu 1998 kuna faharasa inayoitwa RSCI inayochanganya orodha kadhaa na kutoa moja ya wastani. Wapimaji hukaa pembeni mwa uwanja wakati wa mashindano ya kiangazi, mara nyingi yale yanayodhaminiwa na kampuni za viatu, ambako Nike, Adidas na Under Armour kila moja ina msururu wake. Mechi kadhaa huchezwa kwa wakati mmoja katika ukumbi mmoja. Mpimaji huandika urefu, mikono, wepesi wa miguu, namna ya kurusha, na namna kijana anavyoitikia kocha anapofokewa.

Kazi hiyo si ya ubabaishaji, na anayeidharau hajatazama matokeo. LeBron James alikuwa wa kwanza mwaka 2003. Dwight Howard alikuwa kileleni mwaka 2004, Greg Oden mwaka 2006, Andrew Wiggins mwaka 2013. Wote wanne baadaye wakawa chaguo la kwanza la drafti. Zaidi ya wavulana nusu milioni hucheza kikapu cha sekondari nchini Marekani, na kati ya kila 100, watatu au wanne tu ndio hufika kwenye mashindano ya vyuo ya NCAA. Kuchambua umati huo na kutaja kumi wa juu ambao wengi wao wataishia NBA ni ujuzi wa kweli.

Shida huanza chini ya kilele. Kati ya aliye wa 3 na aliye wa 300 kuna tofauti ambayo jicho lolote linaiona. Kati ya wa 40 na wa 90 hakuna mizani ya kuaminika. Hata hivyo namba zimeandikwa moja moja, na msomaji anaziamini kana kwamba zimechongwa kwenye saruji.

Darasa la 2006

Anayetaka kuipima orodha kwa miaka mingi achukue vijana walioingia vyuoni mwaka 2006. Kileleni alikuwa Oden, akifuatwa na Kevin Durant. Chini kabisa ya mazungumzo, wakiwa na nyota tatu tu, walikuwemo Stephen Curry, ambaye vyuo vikubwa vilimwona mwembamba mno na kumwachia chuo kidogo cha Davidson, na Russell Westbrook, aliyechelewa kurefuka na kupata nafasi UCLA dakika za mwisho.

Na mwaka huohuo, Mtanzania mmoja aliingia Chuo Kikuu cha Connecticut. Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987 na alianza kugusa mpira wa kikapu akiwa na miaka kama 15. Urefu wake ulikuwa mita 2.21. Alimalizia sekondari Houston, Texas, na ndani ya miaka mitatu akawa mmoja wa wazuiaji wa kutisha zaidi katika vyuo: msimu wa 2008–09 alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na mipira 4.2 aliyoizuia kila mchezo.

Drafti ya 2009 ilimtaja Thabeet wa pili, akaenda Memphis Grizzlies. Tanzania ilisherehekea, na ilikuwa na haki ya kusherehekea. Wa tatu alikuwa James Harden. Wa saba alikuwa Curry.

Yaliyofuata yanajulikana. Oden alivunjwa na magoti na kucheza michezo 105 tu ya NBA. Durant alikuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2014, Curry mwaka 2015 na 2016, Westbrook mwaka 2017, Harden mwaka 2018. Thabeet alishushwa ligi ya chini katika msimu wake wa kwanza, akazunguka timu kadhaa, na mwaka 2014 safari yake ya NBA ikaisha akiwa na wastani wa pointi 2.2.

Kwa miaka mingi jina lake lilitajwa vijiweni kama la mtu aliyeangusha taifa, na dhuluma hiyo inapaswa kusahihishwa. Thabeet hakujiweka wa pili. Kijana aliyeanza mchezo akiwa na miaka 15, akaucheza miaka saba tu, alipimwa kwa urefu na kwa alichowafanyia wanafunzi wenzake, kisha akapewa namba ambayo hata mtu aliyelelewa uwanjani tangu utotoni angeshindwa kuibeba. Kosa lilikuwa la waliopima, lakini lawama aliibeba yeye.

Darasa hilo moja lilizaa wachezaji bora watatu wa NBA. Mmoja wao alikuwa juu ya orodha, na wawili walikuwa na nyota tatu. Orodha hiyo ilimjua Durant bila kukosea, lakini haikumjua Curry wala Westbrook.

Wakongo watatu, namba ileile

Kuna sadfa katika historia ya drafti ambayo kila mbishani wa Matonge angependa kuikumbuka. Wachezaji watatu waliozaliwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika miaka mitatu tofauti, walichaguliwa wote wakiwa wa saba.

Wa kwanza ni Bismack Biyombo wa Lubumbashi, mwaka 2011. Yeye hakusoma sekondari ya Marekani, hivyo nyota hakuwahi kupewa. Alitoka Kongo akiwa kijana kwenda Yemen, kocha Mreno Mário Palma akamwona, akaishia Hispania katika klabu ya Fuenlabrada. Aprili 2011 alialikwa Portland kwenye mchezo wa Nike Hoop Summit, ambapo vijana wa dunia hupambana na nyota wa sekondari za Marekani. Usiku huo mmoja alipata pointi 12, ribaundi 11 na akazuia mipira 10. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo katika mchezo huo kabla yake. Miezi miwili baadaye alikuwa NBA.

Wa pili ni Emmanuel Mudiay wa Kinshasa, mwaka 2015. Huyu alikuwa na kila nyota iliyopo. Familia yake ilikimbia vita ikaingia Texas, naye akakua kuwa mmoja wa watano wa juu katika darasa la 2014. Badala ya chuo alikwenda China kuchezea Guangdong, kwa mkataba ulioripotiwa kuwa wa dola milioni 1.2, kisha Denver Nuggets ikamchukua.

Wa tatu ni Jonathan Kuminga wa Goma, mwaka 2021. Alifika Marekani mwaka 2016, akapita shule za West Virginia, New York na New Jersey, na baadhi ya wapimaji wakamtaja wa kwanza katika darasa lake. Aliruka chuo, akajiunga na kikosi cha G League Ignite, halafu Golden State Warriors. Mwaka 2022, akiwa na miaka 19, alikuwa tayari na pete ya ubingwa.

Biyombo, asiye na nyota, alikuwa bado anacheza NBA msimu wa 2024–25, akiwa San Antonio, miaka 14 tangu drafti. Njiani aliwahi kukusanya ribaundi 26 katika mchezo mmoja wa mtoano wa Toronto dhidi ya Cleveland, Mei 2016, na mwaka 2022 alitoa mshahara wake wa msimu kujenga hospitali Kongo kwa kumbukumbu ya baba yake. Mudiay, mwenye nyota tano, alipita Denver, New York na Utah, na baada ya msimu wa 2019–20 nafasi ya kudumu ikamponyoka. Kuminga alipata ubingwa mapema lakini akalazimika kugombea dakika za kucheza mwaka hadi mwaka.

Kuhusu Denver, jambo moja zaidi. Mudiay alianza huko msimu mmoja na kijana mnene kidogo kutoka Serbia, aliyechaguliwa wa 41 mwaka 2014 wakati runinga ya Marekani ikionyesha tangazo la chakula. Jina lake Nikola Jokić. Baadaye alikuwa mchezaji bora wa NBA mara tatu.

Waliozaliwa Ixelles, waliofika kama wakimbizi

Jumuiya ya Ixelles yenyewe ina mwanawe katika hadithi hii. Frank Ntilikina alizaliwa hapa mwaka 1998, kwa wazazi Wanyarwanda, kabla familia haijahamia Strasbourg akiwa na miaka mitatu. Desemba 2016 aliiongoza Ufaransa kutwaa ubingwa wa Ulaya wa vijana chini ya miaka 18 na kutangazwa mchezaji bora wa mashindano. Miezi sita baadaye New York Knicks ilimchagua wa nane. Donovan Mitchell alichaguliwa wa 13 mwaka huo, na Bam Adebayo wa 14. Wote wawili wamekuwa miongoni mwa nyota wa ligi. Ntilikina alikuwa mlinzi mzuri asiyefunga sana, akarudi kucheza Ulaya.

Upande mwingine yuko Didier Ilunga-Mbenga. Alizaliwa Kinshasa mwaka 1980 na kufika Ubelgiji akiomba hifadhi baada ya utawala wa Mobutu kuanguka mwaka 1997. Willy Steveniers, mchezaji wa zamani mwenye heshima kubwa nchini Ubelgiji, alimwona katika kituo cha wakimbizi. Wakati vijana wa rika lake Marekani walikuwa wanagombea nyota, Mbenga alikuwa anajifunza namna ya kusimama uwanjani. Alichezea klabu za Ubelgiji, na mwaka 2004 Dallas Mavericks ikamsajili bila kupita drafti. Hakuwa nyota hata siku moja, lakini mwaka 2009 na 2010 alivaa pete za ubingwa akiwa na Los Angeles Lakers, timu ya Kobe Bryant.

Kabla yake alikuwapo Dikembe Mutombo. Aliingia Chuo Kikuu cha Georgetown mwaka 1987 akiwa na miaka 21, kwa ufadhili wa masomo wa shirika la USAID, akitaka kuwa daktari. Hakuna mpimaji aliyewahi kuliandika jina lake alipokuwa sekondari Kinshasa. Kocha John Thompson alimwona akiwa tayari chuoni. Mwaka 1991 alikuwa chaguo la nne, akawa mlinzi bora wa NBA mara nne, akazuia mipira 3,289, na mwaka 2007 akafungua hospitali Kinshasa yenye jina la mama yake. Alipofariki Septemba 2024, mji wake ulimlilia.

Jicho linapokosea

Makosa haya yana sababu, na sababu hizo hujirudia.

Ya kwanza ni mwili. Kijana wa miaka 15 aliyekwisha kukomaa huwabeba wenzake kama watoto, na mpimaji huandika nguvu hiyo kama kipaji. Miaka mitatu baadaye wenzake wamemfikia. Kinyume chake ni Anthony Davis wa Chicago: alikuwa kijana mfupi wa pembeni, hakuna chuo kikubwa kilichomtaka, kisha akarefuka zaidi ya sentimita 15 ndani ya muda mfupi. Kufikia 2011 alikuwa akitajwa wa kwanza katika darasa lake, na mwaka 2012 alikuwa chaguo la kwanza la drafti. Familia ilihitaji subira ya miezi kadhaa tu. Wangapi waliacha mchezo kabla ya miezi hiyo kutimia?

Ya pili ni mahali. Mpimaji huandika alichokiona, na huenda alikolipiwa nauli. Ja Morant wa South Carolina hakuwa katika orodha kubwa yoyote. Kocha msaidizi wa chuo cha Murray State alimkuta kwa bahati katika uwanja wa pembeni, alipokuwa ametoka kumtazama mchezaji mwingine na anatafuta kitu cha kutafuna. Mwaka 2019 Morant alikuwa chaguo la pili la drafti. Ikiwa kijana anaweza kupotea ndani ya Marekani yenyewe, wa Lubumbashi au wa Brussels yuko mbali zaidi na macho hayo.

Umbali huo umeanza kupungua. NBA ina akademi yake Saly, Senegal, na ligi ya Basketball Africa League ilianza Kigali mwaka 2021. Khaman Maluach, mtoto wa Sudan Kusini aliyekulia Kampala na kuanza mchezo akiwa na miaka 13, alipita njia hiyo, akaingia chuo cha Duke akiwa juu kabisa ya orodha, na Juni 2025 akawa chaguo la 10. Njia ipo, ila ni nyembamba, na anayeikosa bado haonekani.

Ya tatu ni fedha. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, na tangu msimu wa 2025–26 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja, hadi jumla ya dola milioni 20.5 kwa chuo katika msimu huo wa kwanza. Nyota ya tano sasa ina bei. Pamoja na bei huja mawakala, ahadi, na wanaomhamisha mtoto kutoka shule moja hadi nyingine.

Kwa mtoto wa kigeni, hata bei hiyo ina kizuizi. Tshiebwe, akiwa mchezaji bora wa vyuo vyote, alikuwa na viza ya mwanafunzi isiyomruhusu kufanya kazi ndani ya Marekani. Wenzake walipiga picha za matangazo Kentucky. Yeye alilazimika kusubiri. Agosti 2022 timu ilipokwenda Bahamas kwa mechi za kirafiki, Tshiebwe alitumia siku hizo nje ya mipaka ya Marekani kurekodi matangazo yake mfululizo, na ikaripotiwa kuwa alipata takribani dola nusu milioni.

Kwa hiyo mzazi wa Matonge anayeletewa habari kwamba mwanawe ana nyota kadhaa ana maswali ya kuuliza. Nani alimtazama, na mara ngapi? Alicheza dhidi ya nani? Mtoto ana umri gani wa mifupa, si wa cheti tu? Je, shule anayoahidiwa inatoa cheti ambacho chuo kitakikubali? Na asipoitwa na chuo chochote, nani atalipa tiketi ya kurudi uwanja wa ndege wa Zaventem?

Namba ya 52

Toumani Camara alikwenda Florida kumalizia sekondari katika shule ya Chaminade-Madonna, akaingia Chuo Kikuu cha Georgia mwaka 2019. Msimu wake wa kwanza alicheza pamoja na Anthony Edwards, mmoja wa waliotajwa juu kabisa katika darasa la 2019. Kamera zilimfuata Edwards, na hazikukosea: alikuwa chaguo la kwanza la drafti ya 2020. Camara alihamia chuo cha Dayton, akakaa miaka miwili, akijifunza kazi isiyoonekana katika video fupi za simu: kumlinda mfungaji mkubwa wa timu pinzani dakika 30, kila usiku.

Portland, iliyompata kama nyongeza, ilimpa kazi hiyohiyo. Mei 2025 NBA ilitangaza vikosi vyake viwili vya walinzi bora wa msimu, wachezaji 10 katika ligi nzima. Jina la mzaliwa wa Brussels lilikuwemo katika kikosi cha pili.

Gazeti likikosea jina la mtu, kesho yake huchapisha sahihisho. Orodha za sekondari hazina ukurasa huo. Ile ya darasa la 2019, mwaka ambao Camara alimaliza shule, bado iko kwenye intaneti kama ilivyoachwa, na kijana anayesubiri zamu ya kunyolewa katika Galerie d'Ixelles anaweza kuifungua kwenye simu yake sasa hivi. Atakutana na James Wiseman na Anthony Edwards juu. Kisha atashuka, akipita safu ndefu ya majina ambayo hakuna anayebishana juu yake tena, huku kidole chake kikiendelea kumtafuta mtu wa mji wake.